Ushauri Uliofika Kwenye Bajeti: Maneno kwa Wajumbe Wapya wa Kamati ya Mazingira ya Jiji

Habari zenu jamani, na karibuni sana wajumbe wapya. Najua wengi mmetoka kazini moja kwa moja na bado mna majukumu yanawasubiri nyumbani, kwa hiyo sitazunguka sana. Nimeombwa niongee kidogo kuhusu kazi ya hii kamati ya ushauri wa mazingira, inafanya nini na mipaka yake iko wapi, na mimi nina jambo moja kubwa la kuwaambia, mengine yote yatalizunguka hilo hilo. Sisi hapa hatuna mamlaka ya kuamuru kitu. Hatusaini malipo, hatupitishi sheria ndogo, hatumwajiri wala kumfukuza mkandarasi. Tunashauri tu. Sasa ushauri ukiingia kwenye bajeti ya jiji, ukapewa pesa, ukapewa idara ya kuutekeleza na tarehe ya kuanza, mji unabadilika na watu wanaona. Usipoingia huko, basi tumekutana, tumeongea maneno mazuri, tumepiga picha ya pamoja, na taka zinaendelea kwenda dampo vile vile kama jana.

Hizi kamati hazikuzuka tu hewani. Mwaka 1992 kule Rio de Janeiro, kwenye ule mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa wa mazingira na maendeleo, serikali zilikubaliana mpango ukaitwa Ajenda 21, na sura ya 28 ya ule mpango ilizungumza na serikali za mitaa moja kwa moja. Ilisema matatizo mengi yaliyojadiliwa pale, na dawa zake, mizizi yake iko kwenye shughuli za ngazi ya chini, manake ni jiji ndilo linajenga barabara, linasimamia maji, linapanga viwanja, linazoa taka, kwa hiyo ikataka ifikapo 1996 mamlaka nyingi za mitaa ziwe zimekaa na wananchi wake na kukubaliana ajenda yao wenyewe. Hapo ndo miji mingi ikaanza kuunda majukwaa, mabaraza na kamati kama hii yetu. Nyingine zimefanya kazi kubwa kweli. Nyingine ziliishia kwenye kabrasha zuri lenye picha ya mti kwenye jalada.

Na hiyo hatari ilishaonekana zamani, kabla hata ya Rio. Mwaka 1969 Mmarekani mmoja anaitwa Sherry Arnstein, mama aliyewahi kufanya kazi kwenye programu za serikali yao za kuboresha miji, alichora ngazi yenye vipandio 8 kuonyesha wananchi wanashirikishwa kwa kiasi gani. Juu kabisa wananchi wanaongoza wenyewe, katikati wanapewa taarifa au wanaulizwa maoni. Na chini kabisa, kipandio cha kwanza, aliweka hali ya watu kuchezewa akili tu, na mfano alioutaja hapo ni kamati za ushauri za kugonga muhuri, watu wanakalishwa mezani ili ionekane wameshirikishwa. Nawaambia hivi sio kuwavunja moyo, nawaambia ili kila mmoja wetu ajue kwamba kukaa kwenye hiki kiti peke yake hakumaanishi chochote, tunaweza kuwa kipandio cha chini kabisa au tukapanda, inategemea tunafanyaje kazi yetu.

Sasa tunapandaje? Kwanza kabisa jueni kalenda ya bajeti. Naomba hili mlishike kuliko yote nitakayosema leo. Idara za jiji zinaanza kuandaa makadirio yao miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha kuanza, zinapewa ukomo wa pesa, zinaandika mahitaji, zinapeleka kwa watu wa fedha, yanakatwa, yanarudi, yanakwenda kwa madiwani, na wakati wananchi wanasikia neno bajeti kwenye taarifa ya habari, mambo karibu yote yameshafungwa. Kamati ikipeleka pendekezo lake wakati huo, jibu ni lile lile kila mahali duniani, wazo zuri sana, tutaliangalia mwakani. Mwakani linasahaulika kwa sababu mjumbe aliyelipigania kamaliza muda wake. Kwa hiyo pendekezo linatakiwa liwe mezani kwa mkuu wa idara pale anapoanza kuandika makadirio, na ikiwezekana aliandike yeye mwenyewe kwenye makadirio yake kama jambo lake, wala tusione wivu jina letu lisipotajwa.

Mji wa Oslo kule Norway ulifika mbali zaidi kwenye hili, na mimi napenda sana kuutolea mfano. Kuanzia bajeti ya mwaka 2017 wao wana kitu wanakiita bajeti ya tabianchi, inapitishwa pamoja na bajeti ya pesa, na inasimamiwa na watu wale wale wa fedha. Kila hatua ya kupunguza gesi zinazopasha dunia joto inaandikwa, itapunguza kiasi gani, nani anahusika, na idara inaripoti kama inavyoripoti matumizi ya pesa. Angalieni ujanja uliopo hapo. Kwenye miji mingi mazingira yana ofisi yake ndogo mwisho wa korido, ina watu wachache na haina nguvu ya kumuuliza mkuu wa barabara chochote, lakini mtu wa fedha akiuliza, kila mtu anajibu. Sisi hatuwezi kuamka kesho tukawa Oslo, ila tunaweza kuomba hata jedwali moja tu kwenye kitabu cha bajeti linaloonyesha kila programu ya mazingira iliahidiwa nini na imefanya nini, na hilo halihitaji pesa mpya, linahitaji mtu aamue tu.

Halafu namna ya kuliandika pendekezo lenyewe. Nimesoma mapendekezo mengi ya kamati za aina hii na mengi yanasema hivi, jiji lichukue hatua madhubuti za kupunguza taka na kuelimisha jamii. Sasa nani afanye? Lini? Kwa pesa gani? Tutajuaje kama imefanyika? Pendekezo kama hilo diwani atalipigia makofi na kulipitisha palepale kwa sababu halimdai kitu. Linganisha na hili: idara ya usafi ianze kukusanya taka za jikoni peke yake kwenye njia mbili za magari kuanzia robo ya pili ya mwaka wa fedha, itumie magari yaliyopo, uzito upimwe kila safari, ripoti ije kwenye kamati kila mwezi, na baada ya miezi sita baraza liamue kupanua au kuacha. Hapo mtu anaweza kukataa, ndio, lakini akikataa inabidi aseme kwa nini, na sababu yake tunaweza kuifanyia kazi.

Nimetaja taka za jikoni na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo kamati ndogo isiyo na pesa inaweza kufanya kitu kikubwa. Watu wengi ukiwaambia taka akili inaenda kwenye plastiki, na plastiki ni tatizo kweli, inaziba mitaro, inafika baharini, inaonekana. Lakini ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba duniani kote takribani asilimia 44 ya taka za mijini ni mabaki ya chakula na majani, na kwenye nchi za kipato cha chini yanapita nusu. Haya mabaki yakifukiwa dampo bila hewa, vijidudu vinayaozesha na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito ule ule. Na ndiyo hayo yanayotoa harufu, yanayoleta panya na nzi, yanayotoa yale maji meusi yanayopenya ardhini hadi kwenye visima. Yaani ukitoa mabaki ya chakula kwenye gari la taka umeshaondoa sehemu kubwa ya kero ya dampo, na kile kinachobaki, karatasi, chupa, makopo, kinabaki kisafi na kinauzika.

Sasa kabla hamjapendekeza chochote kuhusu taka, naomba mwende mkazione taka zenyewe. Ombeni idara ifanye upimaji wa mchanganuo wa taka na ninyi mshiriki, angalau wachache wenu. Kazi yenyewe iko hivi. Mnachagua magari kutoka njia tofauti, mtaa wa wenye nacho, mtaa wa kawaida, eneo la biashara, mnaandika gari limetoka wapi na siku gani. Gari linamwaga, mnachukua kutoka kwenye lile rundo sampuli ya kama kilo 100 hivi, sio ile ya juu peke yake, mnachanganya kwanza, mnaimwaga kwenye turubai. Ndoo zimepangwa pembeni zimeandikwa kila moja, mabaki ya chakula, majani, karatasi, maboksi, plastiki ngumu, mifuko laini, kioo, chuma, nguo, nepi, vitu vya hatari kama betri, na nyingine. Ndoo tupu inapimwa kwanza ijulikane uzito wake. Glavu nzito, buti, barakoa, na mtu awe ameshachanjwa pepopunda, hili halina mjadala, kwa sababu kwenye mifuko kuna vioo na kuna sindano.

Mkianza kufungua mifuko ndo mtaelewa mji wenu. Mtakuta mkate mzima haujaguswa. Mtakuta maboksi ambayo yangeuzwa lakini yameloweshwa na supu, hayafai tena, na hapo mtaona kwa macho kwa nini kutenganisha inabidi kufanyike nyumbani na sio dampo. Mtaona nepi zinavyovuta uzito kwenye mizani ingawa hamna aliyezifikiria. Mwisho kinabaki kile kifusi kidogo kidogo, mchanga wa kufagia, maganda, vipande visivyojulikana, nacho kinapimwa, msikitupe tu, maana mitaa inayofagia ua wa udongo hicho kinaweza kuwa kizito kuliko plastiki yote. Na mrudie upimaji msimu mwingine, taka za wakati wa mvua sio zile za kiangazi, karatasi ikiloa inapima zaidi. Baada ya hapo mnakuwa na namba zenu wenyewe, za mji wenu, na mjumbe mwenye namba za mji wake akisimama mbele ya baraza anasikilizwa tofauti na mjumbe aliyesoma kitu mtandaoni.

Na inawezekana, sio ndoto. Korea Kusini walianza mwaka 1995 kuwalipisha watu taka kwa mfuko, ukitupa nyingi unalipa zaidi, mwaka 2005 wakapiga marufuku kufukia mabaki ya chakula dampo, na mwaka 2013 wakaingiza malipo ya mabaki ya chakula kulingana na uzito au ujazo, kwenye majengo mengine ya Seoul kuna pipa linakutambua kwa kadi, linapima, na bili inakuja mwisho wa mwezi. Sehemu kubwa sana ya mabaki yao leo inageuzwa kuwa mbolea, chakula cha mifugo au nishati. Lakini tazameni hiyo miaka, 1995 hadi 2013, ni karibu miaka 20 ya hatua baada ya hatua. Milan, Italia, walianza 2012 na robo moja ya mji, wakaongeza robo nyingine, na nyingine, mwaka 2014 wakawa wamemaliza mji mzima, mji wenye watu zaidi ya milioni moja na wengi wanakaa ghorofani. Kila kaya ilipewa kikapu kidogo cha jikoni chenye matundu, na mfuko unaooza. Hayo matundu ndiyo siri yenyewe, hewa inapita, unyevu unakauka, harufu inapungua, na mtu anayechukia harufu jikoni kwake hana sababu ya kuacha. Mimi nikiulizwa programu nyingi za kutenganisha taka zinafia wapi, nasema zinafia jikoni, kwenye kitu kidogo kama hicho ambacho hakuna aliyekaa akakifikiria.

Jambo jingine kwenye taka, na hili nalisema kwa uchungu kidogo. Kuna watu wanaokota chupa, makopo na maboksi mitaani na dampo, na wamekuwa wakifanya urejelezaji miaka mingi kabla ya kamati yoyote kuundwa. Mara nyingi jiji likianzisha programu mpya ya kisasa, linawafungia geti, na familia zinakosa mkate. Mji wa Pune kule India ulifanya tofauti. Wazoa taka wenyewe, wengi wao wanawake, waliunda ushirika wao unaitwa SWaCH, na mwaka 2008 wakaingia makubaliano na manispaa wakusanye taka mlango kwa mlango, kaya inalipa ada ndogo na wao wanabaki na vile vinavyouzika. Kwa hiyo swali langu kwa kila pendekezo la taka litakalokuja hapa litakuwa, hawa watu wameulizwa? Wako humu ndani? Kama hawana mwakilishi kwenye kamati basi tutafute namna, na tukikutana tukutane saa wanazoweza kuja, maana kikao cha saa nne asubuhi kwa mtu anayeishi kwa alichookota leo ni siku imepotea.

Tuje kwenye miti na joto. Kila jiji linapenda kupanda miti, ni kazi inayopigwa picha vizuri, viongozi wanakuja, wanamwagilia kidogo, wanaondoka. Mche mchanga wa mjini unahitaji kumwagiliwa miaka miwili mitatu ya mwanzo mpaka mizizi ijitegemee, na udongo wa kando ya barabara umeshindiliwa kama zege, mizizi haipiti. Ukiangalia mche uliokufa mara nyingi utakuta umefukiwa chini sana, ile sehemu ambapo shina linaanza kutanuka kuwa mizizi iko ndani ya udongo badala ya kuwa usawa wa ardhi, au kamba ya kuuegemeza imeachwa mpaka imekata gome. Kwa hiyo kamati isiulize mmepanda mingapi. Iulize mingapi iko hai mwaka wa tatu, na kifungu cha kumwagilia kiko ukurasa gani wa bajeti. Mkiuliza hivyo vikao viwili mfululizo, mtaona idara inaanza kubadilisha namna inavyopanda.

Na inapandwa wapi? Joto la mjini haligawanywi sawa, mtaa wenye bati na lami na hauna kivuli unaweza kuwa na joto kuliko mtaa wa bustani kwa nyuzi kadhaa siku ile ile. Mwezi wa saba mwaka 1995 joto kali lilipiga Chicago, na watu zaidi ya 700 walikufa kwa siku chache, wengi wao wazee waliokuwa wanaishi peke yao, kwenye mitaa maskini. Hao hawakufa kwa sababu ya hali ya hewa tu. Medellín kule Kolombia wao walichukua barabara na kingo za mifereji, wakazigeuza kuwa korido 30 za kijani, wakawafundisha watu wa mitaa yenye shida kazi ya bustani ili wazitunze, na jiji linasema joto kwenye zile korido limeshuka kwa kama nyuzi 2. Mnaona hapo, utunzaji uliwekwa kwenye mpango toka mwanzo, ukawa ajira, haukuachiwa watu wa kujitolea ambao mwezi wa tatu wameshachoka. Kwa hiyo mkipewa ramani ya kupanda miti, ombeni na ramani ya joto, na ramani ya wazee wanaokaa peke yao, muweke moja juu ya nyingine, na mti wa kwanza uende pale zinapokutana.

Mafuriko nitayagusa kwa sababu moja. Tarehe 2 Julai 2011 mvua ya ghafla ilipiga Copenhagen kule Denmark, takribani milimita 150 ndani ya saa chache tu, maji yakaingia majumbani na hasara ikawa ya mabilioni ya kroner, pesa yao. Mwaka uliofuata, 2012, jiji likawa tayari na mpango wa mvua kubwa, bustani zinazoweza kugeuka mabwawa kwa muda, barabara zinazoelekeza maji bandarini, na baadaye ikatoka orodha ya miradi kama 300. Balaa likitokea pesa zinapatikana na milango inafunguka, ila haikai wazi muda mrefu, na anayepata ni yule ambaye karatasi yake ilishaandikwa. Hivyo naomba kamati iwe na mapendekezo mawili matatu yameshachambuliwa, yamewekwa kabatini, ya mafuriko, ya joto, ya ukame, ili siku hiyo tusianze kuitana kwenye kikao cha dharura kuuliza tufanyeje.

Taa za barabarani na maji yanayovuja nitapita haraka, hayana ubishi mwingi. Taa za LED badala ya zile za zamani za rangi ya chungwa zinapunguza umeme kwa karibu nusu na wakati mwingine zaidi, kinachobaki ni kuhakikisha hazichagui mitaa mikubwa tu na haziangazi juu angani. Maji, Tokyo mwaka 1955 walikuwa wanapoteza karibu asilimia 20 kwa kuvuja na leo wako kwenye asilimia kama 3, kwa kubadilisha mabomba na kuwatuma mafundi usiku, mji ukiwa kimya, wasikilize bomba chini ya lami kwa vifaa vya kusikilizia. Ni kazi isiyoonekana na hakuna anayekata utepe. Ndo maana inahitaji kamati ya kuidai.

Sasa niseme kuhusu sisi wenyewe. Maafisa wa jiji sio maadui zetu. Mtu wa idara anayekuja hapa jioni kutusomea ripoti anafahamu matatizo kuliko sisi wote, na mara nyingi kuna jambo amelitaka miaka mingi na hajapata mtu wa kulisema hadharani kwa niaba yake, maana yeye hawezi kumkosoa bosi wake. Mwulizeni kabla ya kikao, kwa utaratibu, wewe ungependa tupendekeze nini? Mtashangaa. Ila pia msikubali kupewa ripoti ya kurasa nyingi dakika ile ile kikao kinaanza, mtu hawezi kushauri kwenye kitu ambacho hajakisoma, na kanuni zetu ziruhusu mjumbe kusema hili jambo lisogezwe kikao kijacho.

Mgongano wa maslahi nao tuuseme wazi. Kuna mwenye kampuni ya kuuza mapipa, kuna mwenye shamba karibu na eneo linalotakiwa kuwa dampo jipya, kuna mwenye ndugu kwenye zabuni. Sio dhambi, mji ni mmoja na watu ni wale wale, na tunahitaji wanaojua biashara ya taka humu ndani. Lakini jambo lako likifika, unasema, unatoka nje, hupigi kura, na inaandikwa kwenye muhtasari. Kamati ikishukiwa mara moja, kila ushauri wake wa baadaye, hata ule safi, unaulizwa umelipwa na nani.

Na muhtasari wenyewe uende hadharani haraka, kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaisoma. Wananchi wasiokuja kwenye vikao sio kwamba hawajali. Wengi walikuja mara moja, wakasema, hawakusikia tena lolote, wakaamua muda wao una kazi nyingine. Kwenye mji wa Porto Alegre, Brazil, walipoanza mwaka 1989 kuwaachia wananchi kupanga sehemu ya bajeti ya jiji, watu walizidi kuongezeka mwaka hadi mwaka kwa sababu waliona bomba walilolichagua limechimbwa kweli. Sisi hatuna hiyo nguvu ya kugawa pesa, lakini tunaweza kumrudishia jibu kila aliyesema. Ulisema mtaro wa mtaa wako umeziba, tumeupeleka idara fulani tarehe fulani, wamejibu hivi. Hata jibu likiwa hapana.

Hapo ndipo linaingia daftari la mapendekezo, na hili ndilo ombi langu kubwa kwenu. Kila pendekezo linaloondoka humu liandikwe kwenye daftari moja, liko wazi kwa kila mtu, lina tarehe lilipotoka, idara lilikopelekwa, jibu lililokuja, kifungu cha bajeti kama limepata, na hali yake leo. Kila kikao kianze na daftari kabla ya ajenda mpya. Yale yaliyokaa bila jibu tunaandika barua, tukikosa jibu tunaomba diwani aulize kwenye baraza. Najua itachosha, wajumbe wapya mnakuja na mawazo mapya moto moto na hamtaki kukaa mnauliza habari za pendekezo la mwaka juzi ambalo hata hamkuwepo. Lakini mjumbe wa mwaka juzi hayupo tena kuliuliza. Mmebaki ninyi.

Mengine tutayaelewa tukiwa kazini. Kwa kikao kijacho naomba mambo matatu tu. Katibu atawatumia kalenda ya bajeti ya jiji, mweke kwenye simu zenu tarehe ambayo idara zinafunga makadirio, na turudi nyuma kutoka hapo kupanga vikao vyetu. Kila mmoja achague mapendekezo mawili ya zamani kutoka kwenye mihutasari, afuatilie yalifikia wapi, aje atuambie hata kama ni kwa dakika mbili. Na watakaoenda kwenye upimaji wa taka waandikishe majina kwa katibu kabla hawajaondoka leo, pamoja na namba ya buti, kwa sababu idara inataka kujua iandae vifaa vya watu wangapi. Asanteni sana, nadhani maswali tuanze na hao wa nyuma.